Bure, Tunzo na Wakfu: Mtunzi wa Kiswahili na Kazi Isiyolipwa Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutumiwa mara nyingi kuhimiza uzalendo, lakini picha iliyomo ndani yake ni ya uwanja wa ngoma. Katika ngoma na taarabu, msikilizaji aliyeguswa na maneno husimama, humwendea mwimbaji na kumtunza fedha mbele ya watu. Hata kama amekwisha kulipa kiingilio mlangoni, fedha hii ni nyingine. Haina bei iliyotangazwa wala risiti. Hutolewa kwa kuwa mambo matatu yamekutana mahali pamoja: mtunzwaji anajulikana, hadhira ipo, na mkono wa mtoaji unaweza kumfikia mpokeaji.

Mtandao wa intaneti umeyatenganisha mambo hayo matatu. Shairi lililotungwa Tanga asubuhi linaweza kusomwa Muscat, London na Toronto kabla ya jua kuchwa, na wasomaji wake wasijue jina la aliyelitunga, seuze kumtunza. Kwa upande mwingine, mtunzi huyo huyo asingewafikia kamwe wasomaji hao kwa diwani iliyochapishwa nakala chache na kuuzwa katika maduka mawili matatu ya vitabu. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo waandishi wa Kiswahili hukumbana nalo kila siku: je, inafaa mwandishi aitoe kazi yake mtandaoni bila malipo?

Swali hili huulizwa kana kwamba lina majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Mhadhara huu unadai kwamba kabla ya kuuliza iwapo kazi imelipiwa, hapana budi kuuliza iwapo imetolewa. Kazi iliyotolewa na mwenyewe, kwa masharti anayoyafahamu, ni zawadi hata asipopata senti moja. Kazi iliyochukuliwa bila idhini, au iliyotolewa kwa sababu mtunzi hakuwa na njia nyingine, haiwi zawadi kwa sababu tu msomaji ameifurahia.

2.0 Neno 'bure' na jamaa zake

Lugha yenyewe ina mengi ya kufunza katika suala hili. Neno 'bure' lina maana mbili kuu zinazokaa pamoja bila kugombana. Maana ya kwanza ni bila malipo, kama inavyosikika mtu anaposema kuwa chanjo inatolewa bure. Maana ya pili ni bila faida au bila sababu, kama katika kauli 'amejisumbua bure' au 'wanagombana bure'. Msemo 'kazi bure' hauna habari ya ukarimu wa mfanyakazi; unaeleza kuwa kazi imepotea. Aidha, anayesema 'huyu si bure' anakusudia kwamba nyuma ya jambo linaloonekana kuna jambo lisiloonekana.

Kwa hiyo, msemaji wa Kiswahili anapoambiwa kuwa kitu ni bure, lugha humpa sababu ya kutahadhari. Ni kweli kwamba kitu hicho hakina bei. Lakini huenda hakina thamani, au huenda kuna mtu mwingine anayelipa. Tahadhari hiyo imo pia katika methali isemayo kuwa rahisi ni ghali.

Hata hivyo, Kiswahili kina maneno mengine ya kueleza utoaji usio na bei, na kila moja humtaja mtoaji kwa namna yake. Zawadi na hidaya huwa na mtoaji anayemlenga mpokeaji. Tunzo, au tuzo, hutolewa kwa kutambua ustadi. Sadaka hutolewa kwa kutaraji malipo kwa Mungu. Wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameitoa moja kwa moja kwa manufaa ya wengine, akaiwekea masharti, na baada ya hapo haiuzwi wala hairithiwi. Katika orodha hii yote ni 'bure' peke yake ambalo halimtaji mtoaji. Tofauti hiyo ndiyo itakayoongoza mjadala katika sehemu zinazofuata.

3.0 Nani alimlipa mtunzi?

Wapo wanaodhani kwamba zamani mtunzi wa Kiswahili alilipwa, na kwamba mtandao ndio uliomnyima. Historia haithibitishi dhana hiyo. Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728 kwa maagizo ya mfalme wa huko. Hiyo ilikuwa kazi ya kuagizwa, na mwagizaji alijulikana. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Huo ulikuwa wosia na zawadi ya mama. Ulinakiliwa kwa mkono nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyedhani kuwa kuunakili ni kumwibia mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo watunzi wa tendi wengi walilizingatia, wawe wameagizwa au wametoa zawadi. Katika beti za mwisho walizoea kutaja jina la mtunzi, idadi ya beti na tarehe ya kumaliza. Kwa kuwa sheria ya hakimiliki haikuwako, jina lilishonwa ndani ya utungo wenyewe, kwa vina na mizani, ili anayeunakili utendi alinakili na jina. Mtunzi alikubali kukosa fedha, lakini hakukubali kukosa jina.

Tungo fupi hazikuwa na kinga hiyo kila mara. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, yaliendelea kuishi vinywani mwa watu. Kunusurika kwa mengi yake kunatokana na juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ya 19 kwa ushirikiano na W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940 ikiwa imehaririwa na W. Hichens, miaka 100 hivi baada ya kifo cha mtunzi. Bila ya kumbukumbu ya watu waliomjua, mashairi yale yangebaki kuwa maneno yasiyo na mwenyewe.

Uchapaji ulileta sura nyingine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja mkubwa wa washairi, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwao. Mshairi wa gazetini alitafuta zaidi kusomwa, kujibiwa na kujulikana kuliko ujira. Maisha yake yalitegemea kazi nyingine. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, kisha akatumikia idara nyingine za serikali. Alipofariki mwaka 1962 baadhi ya kazi zake zilikuwa bado hazijachapishwa. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968.

Baada ya uhuru, nafasi ya karani ilichukuliwa na mhadhiri. Euphrase Kezilahabi, Ebrahim Hussein, Penina Muhando, Said Ahmed Mohamed na Kithaka wa Mberia wote walifundisha vyuoni. Waliojaribu kuishi kwa kalamu walikuwa hasa waandishi wa riwaya pendwa, na baadhi yao, kama Ben Mtobwa, iliwabidi wawe wachapishaji na wauzaji wa vitabu vyao wenyewe. Fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 iligharamiwa kwa sehemu kubwa na mishahara ambayo haikutolewa kwa ajili ya fasihi.

4.0 Hoja ya wanaotoa

Ikiwa ndivyo, wanaotetea utoaji wa bure wana hoja yenye uzito. Wanasema kuwa adui mkubwa wa mwandishi asiye na jina si mwizi bali ni kutojulikana. Mfano unaotajwa sana ni wa Cory Doctorow, mwandishi wa Kanada. Mwaka 2003 riwaya yake Down and Out in the Magic Kingdom ilitolewa kwa njia mbili kwa wakati mmoja: kitabu kilichouzwa madukani, na nakala iliyowekwa kwenye intaneti ili ichukuliwe bila malipo, chini ya leseni ya Creative Commons. Doctorow aliendelea na utaratibu huo kwa vitabu vyake vilivyofuata, akiamini kuwa nakala ya bure humtangazia mwandishi ile inayouzwa.

Kwa Kiswahili hoja hii huongezewa hoja ya lugha. Wasemaji wa Kiswahili ni makumi ya mamilioni, lakini maandishi yake mtandaoni ni machache mno yakilinganishwa na idadi hiyo. Mswahili aliyehamia Ulaya na kutaka mwanawe asome Kiswahili hana duka la jirani la kununulia kitabu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imejengwa na watu wanaojitolea, na hali ilikuwa hivyo kwa sehemu kubwa ya kazi ya kamusi ya mtandaoni iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994. Lau kila neno lingedaiwa malipo, hazina hizo zisingekuwako.

Hata hivyo, mfano wa Doctorow una sharti ambalo husahauliwa. Nakala ya bure ilifanya kazi kwa sababu palikuwa na kitabu cha kununuliwa, maduka yaliyokiuza, na wasomaji waliozoea kununua vitabu vya riwaya. Katika Afrika Mashariki soko kubwa la vitabu vya fasihi ni shule. Kitabu hununuliwa kwa wingi kikiwa kimeteuliwa katika mtaala, na wanunuzi wake ni wanafunzi wanaokabiliwa na mtihani. Nakala ya kitabu kama hicho ikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa katika simu za darasa zima, haitangazi nakala ya kuuzwa, bali inachukua nafasi yake. Fauka ya hayo, wachapishaji wengi na baadhi ya tuzo hutaka mswada ambao haujachapishwa popote. Mwandishi chipukizi anayetandaza riwaya nzima mtandaoni anaweza kugundua baadaye kwamba ameufunga mlango aliotaka kuubisha.

5.0 Mshahara wa mhakiki

Vyuo vikuu navyo vimechangia kuichanganya hoja hii. Majarida ya kitaaluma yanayosomwa bila malipo ni neema kwa taaluma za Kiswahili. Swahili Forum, lililoanza nchini Ujerumani mwaka 1994 na baadaye kuwekwa wazi mtandaoni, limewafikishia wanafunzi wa Dodoma, Eldoret na Lubumbashi makala ambazo maktaba zao zisingeweza kuzinunua. Ni rahisi kuhitimisha kuwa lililofaa kwa makala ya kitaaluma litafaa pia kwa riwaya na diwani.

Hitimisho hilo si sahihi. Mhadhiri anayechapisha makala katika jarida la bure amekwisha kulipwa. Mshahara wake unagharamia utafiti, na makala ikitoka huhesabiwa anapopandishwa cheo. Bure ya msomaji imelipiwa na chuo. Mtunzi wa riwaya hana chuo kinachomlipa ili atunge, labda awe yeye mwenyewe ni mhadhiri. Hapa pana jambo la kutahayarisha kidogo: mhakiki hulipwa kwa kuichambua kazi ambayo mtunzi wake huenda hakulipwa, na mwanafunzi hupata shahada kwa kuandika tasnifu juu ya riwaya aliyoisoma kwa nakala ya kudurufu.

Athari yake haiishii kwenye mifuko ya watu. Iwapo kazi ya fasihi itatarajiwa kutolewa bure, watakaoandika ni wale wenye uwezo wa kutoa bure: wenye mishahara, wenye pensheni na wenye nafasi. Mvuvi, mama lishe, kondakta wa daladala na mwalimu wa shule ya msingi anayelima jioni wataandika kidogo, au hawataandika kabisa. Fasihi itakayobaki itakuwa na Kiswahili cha ofisini na darasani. Lugha ya ufuoni na sokoni itaonekana humo kama ilivyosikiwa na wapita njia. Hasara hiyo itaiangukia lugha yenyewe.

6.0 Anayefaidika

Swali la nani anafaidika lilipata kupelekwa mahakamani nchini Marekani. Tovuti ya Huffington Post ilianzishwa mwaka 2005, na sehemu ya maandishi yake ilitoka kwa maelfu ya waandishi waliokubali kuandika bila ujira ili wasomwe. Mwaka 2011 tovuti hiyo iliuzwa kwa kampuni ya AOL kwa dola za Marekani milioni 315. Baadhi ya waandishi hao walifungua kesi wakidai sehemu ya fedha hizo. Mwaka 2012 mahakama iliitupa kesi hiyo, kwa kuwa walipoanza kuandika walijua wazi kuwa hawatalipwa. Mwaka 2018 tovuti hiyo iliuacha utaratibu wa kupokea makala za kujitolea katika toleo lake la Marekani.

Kisheria uamuzi huo unaeleweka: aliyetoa kwa hiari hawezi kurudi kudai. Kimaadili kesi hiyo inafundisha jambo jingine. Waandishi wale walidhani wanawapa wasomaji zawadi. Kumbe zawadi ilipita kwanza mikononi mwa mfanyabiashara, naye akaiuza. Mtunzi wa Kiswahili anayebandika mashairi yake katika mitandao ya kijamii yumo katika hali ileile. Msomaji hasomi kwa malipo, lakini matangazo yanayouzwa kandokando ya shairi humlipa mwenye mtandao. Aidha, katika miaka ya karibuni maandishi yaliyo wazi hukusanywa pia ili kufunzia mashine zinazotumia lugha. Huenda mtunzi akalifurahia hilo kwa kuwa linakuza Kiswahili, au akalichukia. Kwa vyovyote vile, ni yeye aliyestahili kuulizwa.

7.0 Uwanja mpya wa ngoma

Wakati mabishano haya yakiendelea, watunzi wa riwaya pendwa wamekwisha kubuni njia yao. Hadithi hutolewa kwa sehemu fupifupi katika Facebook au katika makundi ya WhatsApp. Sehemu za mwanzo ni za bure. Hadithi inapofika penye taharuki, msomaji huarifiwa kuwa anayetaka kuendelea atume kiasi fulani kwa simu, naye ataingizwa katika kundi la waliolipa. Utaratibu huu usingewezekana kabla ya huduma kama M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kwa kuwa kiasi kinachotumwa ni kidogo mno kwa benki kushughulika nacho.

Stephen King alijaribu jambo la namna hiyo mwaka 2000 kwa riwaya yake The Plant, iliyotolewa kwa sehemu, msomaji akitegemewa kulipa kwa uaminifu wake. Uwiano wa waliolipa ulishuka kadiri sehemu zilivyoendelea, na mwishoni mwa mwaka huo riwaya ilisimamishwa ikiwa haijamalizika. Tofauti kati ya jaribio hilo na riwaya za simu ni ukaribu. Wasomaji wa kundi la WhatsApp wanamjua mtunzi kwa jina na namba, humuuliza kwa nini amemuua mhusika fulani, humpa pole akiugua. Mambo matatu ya uwanja wa ngoma yamekutana tena: mtunzwaji anajulikana, hadhira ipo, na mkono unafika. Hapa bure ni kionjo, kama kipande cha embe anachokatiwa mnunuzi na mwuza matunda.

Njia hii nayo ina kasoro. Hadithi huandikwa mbiombio bila mhariri, taharuki hutawala maudhui, na aliyelipa anaweza kuisambaza sehemu nzima kwa wasiolipa. Ushairi hauna sehemu ya pili ya kuuzia. Utungo wa beti nane ukionjwa umekwisha. Hata hivyo, watunzi hawa wamelijibu swali la malipo kwa vitendo, na taaluma ya fasihi ya Kiswahili ina wajibu wa kuwachunguza kwa makini kuliko inavyofanya.

8.0 Sheria na wakfu

Sheria za hakimiliki hutofautisha haki za aina mbili. Haki za kiuchumi humpa mtunzi mamlaka ya kuruhusu au kuzuia kazi yake isinakiliwe, isiuzwe au isitafsiriwe. Haki za kimaadili humpa mamlaka ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtunzi, na ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizi za pili ziliingizwa katika Mkataba wa Berne mwaka 1928, nazo hubaki kwa mtunzi hata akiisha kuuza zile za kwanza. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001 zinazitambua zote mbili. Basi, kutoa bure si kuachia yote. Aliyesamehe malipo hajasamehe jina.

Hapa ndipo penye jeraha kubwa zaidi mtandaoni. Shairi likipita simu kumi hufika likiwa limekatwa ubeti wa mwisho, ambao ndio wenye jina, na chini yake pameandikwa kuwa limenukuliwa. Kile ambacho watunzi wa tendi walikishona kwa vina hufumuliwa kwa kidole kimoja.

Wazo la wakfu linaweza kusaidia. Misikiti na madrasa za pwani zilihifadhi misahafu na vitabu vilivyowekwa wakfu: kila mtu aliruhusiwa kusoma, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuuza, na jina la mtoaji liliombewa dua. Leseni za wazi za leo, ambazo huruhusu kunakili kwa sharti la kutaja jina na, mtunzi akitaka, kwa sharti la kutofanya biashara, zinafanana sana na utaratibu huo. Mtunzi anayetaka kutoa bure ana namna ya kutoa ambayo utamaduni wake unaifahamu tangu zamani. Linalohitajika ni kuandika masharti waziwazi pamoja na kazi, badala ya kuiacha ielee.

9.0 Hitimisho

Kutokana na yaliyojadiliwa, swali la awali linaweza kugawanywa katika maswali matatu ambayo mwandishi anapaswa kujiuliza kabla ya kutoa kazi yake. Je, ninaweza kukataa? Asiyeweza kukataa hatoi. Je, nani atafaidika nayo kabla haijamfikia msomaji? Je, jina langu litafika pamoja na kazi? Ikiwa majibu yanaridhisha, hakuna aibu katika kutoa bure. Mwana Kupona alifanya hivyo. Ikiwa hayaridhishi, basi kinachoitwa fursa ya kujulikana ni kazi bure kwa maana ya pili ya neno hilo.

Wasomaji nao, hasa wale wa vyuoni, wana sehemu yao. Idara inayofundisha riwaya inaweza kununua nakala halali za kutosha kwa maktaba yake. Mwalimu anayesambaza shairi anaweza kulisambaza likiwa na ubeti wake wa mwisho. Kongamano linalomwalika mtunzi kusoma mbele ya wasomi waliolipiwa posho linaweza kumlipa na yeye. Hayo hayahitaji sheria mpya wala mitambo. Yanahitaji wale wanaoishi kwa Kiswahili wakumbuke kwamba mcheza yuko kwao, na ya kwamba methali haikuishia hapo.